Kuifuata Timu ya Mji Wako, Hatua kwa Hatua

Kuna mtu anayeweza kukutajia kikosi cha kwanza na benchi lote la klabu iliyoko bara jingine, lakini hajawahi kuingia kwenye uwanja anaoupita kila asubuhi akienda kazini. Simlaumu. Televisheni imeturahisishia mambo. Ila mpira wa kwenye skrini hauna kwenda wala kurudi, na raha ya timu ya mjini iko humo humo njiani: mtaa ambao hujawahi kuukanyaga, jirani wa kiti ambaye usingemjua vinginevyo, jioni ambayo kila unayekutana naye anauliza matokeo. Huna haja ya kuiacha klabu yako ya kwenye televisheni. Iendelee na mambo yake. Hii ya mjini tuifuate kwa miguu.

1. Chagua timu unayoweza kuifikia

Kipimo cha kwanza ni usafiri, makombe baadaye. Jiulize: mechi ya usiku ikiisha na umati wote ukatoka kwa mkupuo, nitafikaje nyumbani? Timu ya daraja la chini iliyo umbali wa kutembea itakupa raha kuliko ya ligi kuu iliyo upande wa pili wa mji, kwa sababu utaiona mara kwa mara, na timu huzoeleka kwa kuonwa mara kwa mara. Wala udogo si aibu. Sheffield FC ya Uingereza, iliyoanzishwa 1857 na kutambuliwa kuwa klabu kongwe kuliko zote za soka duniani, inacheza madaraja ya chini, mbali kabisa na macho ya kamera.

Mji wako ukiwa na timu mbili au zaidi, nenda ukaone kila moja ikicheza nyumbani kwake kabla hujaamua. Msimamo wa ligi usikuongoze, utabadilika. Angalia utakaa na watu wa namna gani. Timu ya wanawake nayo iingize kwenye hesabu: mara nyingi kiingilio ni nafuu, na unakaa karibu na mstari kiasi cha kusikia kipa akiwapanga mabeki wake.

Anayetaka kujua timu na mahali vinavyoshikana asome habari za Wimbledon, kusini magharibi mwa London. Mwaka 2002 klabu yao iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, umbali wa kilomita kama 90. Mashabiki hawakuifuata. Waliunda klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaita majaribio ya wazi ya wachezaji kwenye uwanda wa umma wa mtaani kwao, kisha wakaanzia daraja la tisa. Mwaka 2011 walikuwa wamepanda hadi daraja la nne, na mwaka 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa ule ule wa zamani. Unaweza kusema ni ukaidi. Mimi naona walijua vizuri kabisa walichokuwa wanakifuata.

2. Soma ratiba kabla ya kugusa tiketi

Ligi ya timu 18 zinazokutana nyumbani na ugenini ina mechi 34 kwa kila timu, na 17 kati ya hizo ni za nyumbani. Timu zikiwa 20, ni 38, nusu yake nyumbani. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, una mechi moja ya nyumbani kila baada ya wiki mbili. Hiyo ndiyo kalenda yako ya mji. Ziandike zote kwa penseli, kwani tarehe husogezwa kwa ajili ya televisheni, kombe au mvua, na usinunue nauli ya mbali mpaka klabu ithibitishe siku na saa.

Mechi yako ya kwanza isiwe dabi, yaani mechi ya mahasimu wa karibu. Najua dabi inavutia, lakini siku hiyo tiketi ni za kugombania, ulinzi umekaza, na watu wana jazba ambayo wewe bado hujaipata. Chukua mechi ya mchana, wikiendi, dhidi ya timu ya katikati ya msimamo. Utapata nafasi ya kukaa na kuuliza maswali.

Halafu zungushia duara mechi ya mwisho wa msimu. Ligi nyingi huchezesha raundi ya mwisho, au angalau mechi zenye uzito, kwa saa ile ile, ili asiwepo anayeingia uwanjani akijua tayari anahitaji matokeo gani. Kwenye Kombe la Dunia somo hilo lilitoka Gijón, Hispania, mwaka 1982. Algeria walikuwa wameshamaliza mechi zao za kundi siku moja kabla, Ujerumani Magharibi wakaifunga Austria 1–0 mapema kipindi cha kwanza, na kwa kuwa matokeo hayo yalizivusha timu zote mbili, dakika zilizobaki zikawa za kupigiana pasi za kusogeza muda. Tangu Kombe la Dunia lililofuata, mechi za mwisho za kundi huanza pamoja. Kwa hiyo siku ya kufunga msimu utaona nusu ya jukwaa wana redio au simu sikioni, na shangwe itaibuka mpira ukiwa umesimama. Usishangae: kuna bao limefungwa kwingine.

3. Tiketi na mahali pa kukaa

Nunua kwa klabu yenyewe au kwa wakala aliyetajwa na klabu. Ukiipata, usiipige picha ukaiweka mtandaoni. Msimbo ulio juu yake unatosha kumwingiza mtu mwingine kabla yako. Tiketi ya msimu ni nafuu ukiitumia, na hasara ukiilipia halafu ukabaki nyumbani. Hudhuria mechi kadhaa kwanza, kisha piga hesabu ya kweli: gawa bei yake kwa idadi ya mechi ambazo una hakika utakwenda, siyo zote zilizopo kwenye ratiba.

Nyuma ya goli ndiko kwenye ngoma na nyimbo. Utasimama muda mwingi, hutaona vizuri yanayotokea goli la mbali, na huenda usijali. Kando, usawa wa mstari wa kati, ndiko kwa anayetaka kuona timu zinavyojipanga. Wengi hukimbilia viti vya mbele kabisa, lakini kwa mara ya kwanza nashauri upande safu kumi au kumi na tano juu. Ukiwa chini unaona miguu, ukipanda kidogo unaona mchezo.

Jambo moja ambalo wauza tiketi hawalisemi: viwanja vingi vya soka hulazwa kaskazini–kusini ili jua lisimchome kipa machoni. Kwa hiyo mechi ya alasiri, jukwaa la magharibi lina jua mgongoni, na la mashariki linalipokea usoni mpaka mapumziko, pengine hadi mwisho. Tazama ramani kabla ya kuchagua namba ya kiti.

4. Siku ya mechi anza mapema, na usifike kwa mlango mmoja

Hapa ndipo mji unapoingia. Shuka vituo viwili au vitatu kabla ya uwanja, umalizie kwa miguu. Mechi inayofuata shukia upande mwingine. Baada ya msimu mmoja utakuwa umeuzunguka uwanja pande zote, na utajua palipo na kivuli, mto, soko, mafundi, bustani, na benchi ambapo wazee hukaa kubishana kuhusu mfumo wa kocha. Kula mtaani kabla ya kuingia; ndani ya uwanja unalipia foleni pamoja na chakula. Na ukitaka kuufaidi mji zaidi, iambatanishe kila mechi ya nyumbani na sehemu moja ambayo umekuwa ukisema "siku moja nitakwenda": makumbusho, maktaba, mtaa wa mafundi, jengo la zamani. Saa mbili kabla ya filimbi zinatosha, na kwa kuwa tayari umetoka nyumbani, kisingizio kimekufa.

Vitu vya kubeba ni vichache. Tiketi, simu yenye chaji, fedha taslimu kidogo, kitu cha kujikinga na mvua au jua. Soma masharti ya klabu kuhusu mabegi na chupa, maana walinzi wa mlangoni hawana mamlaka ya kukuonea huruma. Nguo ziwe za rangi isiyo ya timu yoyote siku ya kwanza, hasa isiyo ya wageni. Jezi utanunua baadaye, ukishajua unaipenda timu au unapenda matembezi tu. Vyote viwili vinaruhusiwa.

Ingia dakika 45 kabla. Vikosi huwa vimeshatangazwa, na kupasha misuli moto kuna mengi ya kuonesha. Makipa kwa kawaida hutangulia kutoka. Mwangalie yule wa akiba anayempigia mwenzake mashuti, kisha mtazame mchezaji anayebaki nyuma kupiga mipira ya adhabu wenzake wakiwa wameshageuka kurudi vyumbani. Ikitokea faulo nje ya boksi dakika ya 70, wewe utakuwa unajua nani anaisogelea.

5. Jifunze kuangalia pasipo na mpira

Kamera hufuata mpira. Uwanjani hakuna anayekulazimisha kuufuata, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kuwa pale. Naona wengi wanaiacha ipite kwa kutazama kama walivyozoea sebuleni.

Anza na zoezi hili. Chagua kiungo mkabaji wa timu yako, yule anayecheza mbele ya mabeki, na kwa dakika tano usimwachie macho, hata kama wenzako wamesimama wanapiga kelele. Tazama kichwa chake. Aliye mzuri hugeuka kuangalia nyuma yake bega hili na lile kabla pasi haijamfikia, kwa hiyo mpira unapofika tayari anajua pa kuupeleka. Asiyejua hupokea kwanza, halafu ndiyo anainua uso, na hapo ameshabanwa. Ukishaiona tofauti hiyo mara moja hutaacha kuiona tena.

Zoezi la pili: pima kwa macho umbali kati ya mabeki wa mwisho na straika wa timu hiyo hiyo. Timu iliyo sawa husogea pamoja, mbele na nyuma. Ikichoka, pengo hufunguka katikati, kwanza mita chache, kisha eneo zima ambalo kiungo wa wapinzani anazunguka peke yake. Kocha aliye macho hubadilisha wachezaji wakati huo. Mashindano mengi ya juu huruhusu wachezaji watano wa akiba kuingia, utaratibu uliokuja kwa muda mwaka 2020 wakati wa korona na kuwa wa kudumu 2022, lakini timu ina nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo kwa ajili hiyo, ukiacha mapumziko. Ndiyo maana unaona wawili au watatu wakiingia kwa pamoja.

La tatu ni kipa, hasa mpira ukiwa kwa wenzake. Anasimama umbali gani na goli lake? Anaongea? Akiudaka na kuushika, hesabu naye. Tangu msimu wa 2025/26 sheria inampa sekunde nane, na mwamuzi huinua mkono kuonesha tano za mwisho. Akipitiliza, wapinzani wanapewa kona. Jukwaa zima linapohesabu kwa sauti, raha yake huwezi kuisikia vizuri kwenye televisheni.

Kuhusu kuotea, kaa ukijua kwamba mshika kibendera anatakiwa kuwa sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho, huku kipa kwa kawaida akiwa ndiye wa mwisho. Wewe uliye mita 30 nyuma yake au upande wa pili kabisa unaona pembe tofauti. Ligi nyingi za chini hazina VAR, mwamuzi msaidizi wa video, iliyoingizwa rasmi kwenye sheria za mchezo mwaka 2018, hivyo kibendera kikipanda mambo yameisha. Lalamika kidogo, ni haki ya aliyelipa, kisha rudi kwenye mchezo.

6. Watu wa jukwaani

Kaa sehemu ile ile mechi tatu mfululizo, na ya nne watakusalimia wenyewe. Msalimie uliyemkuta, muulize mzee wa safu ya mbele ni mchezaji gani bora aliyewahi kumwona akivaa jezi hii, halafu nyamaza usikilize. Swali hilo halijawahi kukosa jibu refu. Utapewa majina usiyoyakuta popote, pamoja na habari za mji ulivyokuwa kabla ya barabara hii na kabla ya jengo lile.

Nyimbo jifunze kwa kusikiliza, usiombe karatasi. Ukiona wimbo unatukana watu kwa rangi, kabila au dini, usiuimbe. Mbali na ubaya wake, klabu inaweza kutozwa faini au kufungiwa uwanja, na mwamuzi ana utaratibu wa hatua tatu: kusimamisha mchezo, kuwaondoa wachezaji uwanjani kwa muda, na mwisho kuuvunja kabisa.

Anayetaka kusogea karibu zaidi aulize klabu inahitaji nini. Klabu ndogo hukosa mikono kuliko hukosa mashabiki: mtu wa kuuza tiketi, kuongoza watoto, kupaka rangi majukwaa. Mashabiki wa Union Berlin ya Ujerumani walijitolea zaidi ya 2,000 kuukarabati uwanja wao mwaka 2008 na 2009, wakichanganya zege wenyewe. Si lazima ufike huko. Jumamosi moja ya kufagia itakufahamisha kwa watu wengi kuliko msimu mzima wa kukaa kitini.

7. Usalama, bila mzaha

Ukishakaa tu, geuka utafute milango miwili ya kutokea, siyo mmoja. Maafa makubwa ya viwanjani mara nyingi yametokea milangoni na kwenye ngazi. Accra, Mei 2001, na Kanjuruhan nchini Indonesia, Oktoba 2022, yalifuata mkondo ule ule: polisi walifyatua mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango ambayo haikuweza kuwapitisha. Accra walikufa zaidi ya 120, Kanjuruhan 135.

Ukibanwa kwenye umati, inua mikono kifuani kama bondia ili mapafu yapate nafasi, kanyaga imara kwa miguu yote miwili, na usiiname kuokota kitu chochote, hata simu. Usishindane na msukumo. Subiri unapolegea, kisha sogea mshazari kuelekea pembeni. Ukuta ulio mbele yako ni hatari kuliko watu walio nyuma.

Mtoto mtie mfukoni karatasi yenye namba yako, na mkubaliane mahali pa kukutana nje, penye alama asiyoweza kuikosa. Mechi ikiisha kaeni dakika kumi. Umati unapungua haraka, na mtaona wachezaji wa akiba wakirudi kukimbia uwanjani.

8. Ugenini

Anza na safari fupi, mji wa jirani. Kaa sehemu ya wageni uliyopangiwa, kwa sababu kukaa katikati ya wenyeji na kuruka bao lako likiingia ni kutafuta maneno. Fika asubuhi. Ukifika saa moja kabla ya mechi utajua uwanja tu. Ukifika asubuhi utarudi na mji wa pili kichwani. Muulize mwenyeji yeyote mahali pa kukaa kabla ya mechi, atakujibu vizuri hata kama saa tisa mtakuwa maadui.

9. Kufungwa

Soka lina mabao machache, na mchezo wa mabao machache humpa nafasi mnyonge: mpira mmoja uliogonga mguu wa beki unatosha. Kwa hiyo utaumia, tena mara nyingi, hata siku ambazo timu yako ilicheza vizuri kuliko wapinzani. Dawa ninayoiamini ni kupanga jambo la baada ya mechi lisilotegemea matokeo: chakula na mtu mliyekuwa hamjaonana, tamasha, kupita kwa shangazi anayekaa upande huo. Ukipanga kusherehekea ushindi tu, sare itakuharibia Jumamosi nzima.

Usibeti kwenye mechi za timu yako. Ukibeti ishinde, unaumia mara mbili. Ukibeti ishindwe, sijui umekwenda uwanjani kufanya nini. Na tenga fungu la mwezi la tiketi na nauli, likiisha sikiliza redioni.

10. Msimu ukiisha

Wiki zisizo na ligi ndizo za kwenda kwenye viwanja visivyo na majukwaa. Timu za vijana, ligi za mitaa, mashindano ya shule: hakuna tiketi, unasimama kwenye mstari, na pengine unamwona winga wa miaka kumi na sita ambaye timu kubwa ya mjini bado haijamgundua. Klabu yako ikiwa na wanachama, mkutano mkuu mara nyingi huangukia kipindi hiki. Hudhuria hata kama hesabu zinachosha, maana hapo ndipo utajua nani analipa na nani anadaiwa. Dirisha la usajili litajaa uvumi, nusu yake umetungwa na mawakala wa wachezaji, kwa hiyo ngoja tangazo la klabu. Halafu zinakuja mechi za kirafiki za maandalizi, wachezaji wapya wakiwa hawajajua hata majina ya wenzao. Nenda mojawapo, kaa upande ambao hujawahi kukaa, na ukitoka ulizia lini tiketi za msimu zinaanza kuuzwa.